Mtoto wako anaelewa, au anaitikia tu?

Ingia darasa lolote lenye watoto wengi katika shule zetu za msingi hapa Tanzania, ukae dawati la nyuma. Utamsikia mwalimu akisema, "Kazi ya moyo ni kusukuma daaa…?" na darasa zima, "Damu!" Kisha, "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Somo linasonga mbele. Nimefundisha msingi na baadaye sekondari, na jambo ninalotamani wazazi wenzangu walijue ni kwamba hapo mtoto anajifunza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni habari ya moyo na damu. La pili ni kwamba kujua maana yake ni kuitikia pamoja na wenzako sauti ya mwalimu inapopanda. Hili la pili halimo kwenye mtaala, lakini ndilo linalokaa naye muda mrefu zaidi.

Simlaumu mwalimu. Ukiwa na watoto sabini, themanini, na kipindi kifupi, utajuaje kama wako pamoja nawe? Shule ndivyo ilivyo: kengele, mstarini, viranja, mwalimu wa zamu, mtihani wa mwisho wa muhula. Vyote hivyo vinamfundisha mtoto lini anyamaze, nani anaruhusiwa kuuliza, na akikosea itamgharimu nini. Mtoto aliyechekwa darasa la tatu kwa sababu ya jibu lake anaweza kufika kidato cha nne bila kunyoosha tena mkono kwa hiari yake.

Wala sina ugomvi na kukariri. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi juzuu nzima amefanya kazi kubwa ya akili, na asiyejua jedwali la kuzidisha kwa kichwa atahangaika na hesabu miaka yote. Ninachoogopa ni mtoto kuamini kwamba kusoma kunaishia hapo.

Hali inakuwa ngumu zaidi akiingia kidato cha kwanza. Tangu 1967 Kiswahili ndicho kinachofundishia katika shule za msingi za serikali. Sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza usanisinuru hadi mdogo wake akaelewa, sasa haongei. Shule nyingi zina sheria ya Kiingereza tu, na akiteleza anavishwa kibao shingoni au anapewa adhabu ya kufagia. Anagundua upesi kwamba usalama wake uko kwenye ukimya. Ananakili notsi ubaoni, usiku anazikremu kwa sauti, na mzazi akimsikia anafurahi kwamba mtoto anasoma. Upimaji wa kidato cha pili ukishatoka ndipo watu wanashtuka.

Kwa hiyo usisubiri upimaji. Leo jioni fungua daftari lake la Baiolojia. Achana na mwandiko na tiki nyekundu. Chagua ukurasa mmoja, mwambie alifunge daftari akueleze kwa Kiswahili, kama anamweleza bibi yake. Akishindwa hata kwa Kiswahili, Kiingereza hakina kosa hapo; somo lenyewe hajalielewa, na hapo ndipo pa kuanzia. Akiweza, aandike sentensi mbili tatu za Kiingereza, zake mwenyewe, hata zikiwa na makosa. Wewe huhitaji kujua Baiolojia. Uliza "kwa nini?" na "umejuaje?" halafu subiri. Subiri kwelikweli, usimmalizie neno, maana kumaliziwa neno ndiko alikozoeshwa.

Jambo la nafasi darasani nalo linataka ujasiri wa mzazi. Januari 2023, NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, iliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, na mimi niliunga mkono. Lakini majumbani swali la kwanza ripoti ikifika bado ni "Umekuwa wa ngapi?" Kuwa wa 12 kati ya 70 hakukwambii kama mtoto anajua kujumlisha sehemu. Mwambie alete karatasi zilizosahihishwa, akae ayarudie yale aliyokosa.

Sasa nije kwenye diskasheni, ambayo kwangu ndiyo sehemu bora ya shule zetu, na hakuna mkaguzi anayekuja kuikagua. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule ikuze akili ya kudadisi na moyo wa kushirikiana. Mimi nimeyaona hayo mawili chini ya mwarobaini, masomo yakishaisha. Mmoja anashika kipande cha chaki na kueleza mlinganyo wa Kemia, mwenzake anamkatiza, "Hapo umeruka, rudi nyuma." Wanabishana kwa Kiswahili, wanaandika kwa Kiingereza. Anayeeleza anafaidika kuliko wote, kwa sababu shimo lililomo kwenye uelewa wake analiona mwenyewe akiwa katikati ya sentensi.

Wazazi wengi, hasa wenye mabinti, wanakataza diskasheni kwa kuhofia uzururaji. Hofu hiyo naielewa. Basi ilete nyumbani. Jumamosi alasiri, barazani, nawe ukiwepo. Mlango wa stoo uliopakwa rangi nyeusi ni ubao wa kutosha, na chai ya rangi kwa mihogo itawaweka hapo hadi jioni. Wasiwe wale wanaofaulu tu. Na kila mmoja apewe mada yake ya kueleza, yule mkimya apewe mapema ajiandae.

Ukienda kikao cha wazazi, mazungumzo mengi yatakuwa ya michango ya chakula na madawati. Kikiisha, mfuate mwalimu wa darasa, msalimie, umuulize: "Mwalimu, mwanangu huwa anauliza maswali?" Huenda asiwe na jibu siku hiyo. Mwombe amwangalie wiki mbili, kisha urudi.