Kabla hujauza stempu za babu, soma jarida kuukuu kwanza

Babu yangu aliniachia albamu ya stempu. Alikuwa karani wa posta Tukuyu enzi za mkoloni, na mimi miaka kibao naiangalia ile albamu kama vile nina kiwanja Forest Mpya hapa Mbeya. Kumbe!

Siku moja Mwanjelwa kwa jamaa wa vitabu vya mtumba nikakuta majarida ya Gibbons Stamp Monthly, yamechakaa kweli, nikachukua manne kwa buku mbili. Hili jarida la stempu la Waingereza lilianza 1890, mhariri wa kwanza Meja Evans, enzi hizo likiitwa Monthly Journal. Jina la sasa limekuja 1927, mwaka uleule ambao Mbeya yetu ilianzishwa (dhahabu ya Lupa hiyo).

Sasa wadau, ukishika jarida lolote la stempu angalia kwanza mwenyewe nani. Hili ni la kampuni ya Stanley Gibbons, yule bwana aliyeanza kuuza stempu 1856 kwenye duka la dawa la baba yake kule Plymouth, na kampuni hiyohiyo ndo inatoa katalogi ya bei tangu 1865, halafu jarida kila mwezi linaongezea stempu mpya zilizotoka duniani, ndo maana mtu akianza kulinunua haachi. Kwahiyo bei unayoiona mle ni ya yeye kukuuzia wewe, tena stempu iwe safi kabisa. Ukienda kuuza usiitegemee. Mimi nilishajumlisha stempu zangu za Tanganyika za 1922, zile zenye picha ya twiga, mpaka nikawa na hela ya bajaji kichwani, nikapanda basi mpaka Dar, mnunuzi akanitajia bei haifiki hata robo, nikanuna njia nzima kurudi.

Na jamani, msiloweshe bahasha kubandua stempu! Hapa ndo naumia. 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Northey, jenerali wa Waingereza, lilipoingia huku kwetu kutokea Nyasaland (Malawi ya leo), stempu za Nyasaland zilipigwa chapa ya herufi N.F. kwa ajili ya hao askari. Babu alikuwa nazo mbili, zikiwa bado kwenye bahasha zake na mihuri ya posta ikisomeka vizuri tu. Bahasha yenye muhuri ndo inayoonyesha stempu ilitumika wapi na lini, wakusanyaji wanaitafuta kuliko stempu tupu. Mimi nikazitia kwenye beseni, stempu zikabanduka safi, na zile karatasi nikawashia jiko la mkaa.