Abiria katika ndege zinazoruka kwa kundi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shemeji yangu, rubani mkazi wa Illinois, amenialika niketi naye katika Bonanza yake, ndege ndogo ya injini moja, wakati kundi lao litakaporuka pamoja kutoka Rockford kwenda kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, Wisconsin. Je, abiria naye huandaliwa? (Msomaji, Chicago)

JIBU: Anapaswa kuandaliwa, na nakusihi usipande kabla ya hapo. Marubani wa msafara huo, ulioanza mwaka 1990, hufanya mazoezi ya kuruka ndege tatu tatu, na kabla ya kuondoka hukutana kukubaliana nani ataongoza, ishara zipi zitatumika, na kila mmoja atageukia wapi iwapo hatamwona tena kiongozi wake. Sheria ya Marekani inadai makubaliano baina ya marubani wote na inakataza kubeba abiria wa kulipa, kwa hiyo utakwenda kama mgeni wake.

Rubani anayefuata hukaza macho kwa kiongozi karibu muda wote. Kiongozi akiwa upande wako, ukiinama mbele ili upige picha utamziba. Basi egemea kiti, na usimsemeshe bila sababu. Wewe tazama anga asikotazama yeye, na ukiona ndege nyingine mwambie mara moja. Mkubaliane mapema namna ya kutaja upande, maana marubani hutaja upande kama uso wa saa, pua ya ndege ikiwa kwenye kumi na mbili, nao huhesabu saa kwa Kiingereza: “saa tatu” yetu, yaani akrabu ikiwa kwenye tisa, iko kushoto, lakini yeye ataielewa kuwa kulia. Ni salama zaidi kusema “kushoto, juu yetu.”