Faida mbili kwenye ukurasa mmoja: maswali yenu kuhusu hesabu za kampuni za simu

Tangu niandike kuhusu gawio, lile fungu la faida wanalolipwa wenye hisa, ujumbe haukatiki. Nimechagua maswali yanayojirudia, mengine nimeyafupisha.

Nina hisa 2,000 za Safaricom tangu 2008. Gazeti moja liliandika faida ya mwaka ulioishia Machi 2025 ni Sh69.8 bilioni, jingine Sh45.8 bilioni. Nani mwongo? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna mwongo. Zote mbili zimo kwenye hesabu zile zile, zimepishana mistari michache tu. Safaricom ina kampuni ya simu Ethiopia, iliyopata hasara mwaka ule, na si yake peke yake, ina wabia. Kanuni za uhasibu zinataka hasara yote ya kule iingizwe kwanza kwenye hesabu za kundi, yaani Safaricom pamoja na kampuni zake, kama vile wabia hawapo. Hapo inapatikana 45.8. Mstari wa chini yake, wabia wanabebeshwa fungu lao la hasara, na kinachowahusu wenye hisa kama wewe kinakuwa 69.8. Kenya peke yake ilipata faida ya zaidi ya bilioni 90, kwa hiyo unaona mwenyewe Ethiopia inakula kiasi gani.

Wewe shika 69.8. Igawe kwa hisa bilioni 40 na ushei, kila hisa inapata kama Sh1.74. Gawio lilikuwa Sh1.20, lile lile la 2023 na 2024. Kwa hisa zako ni Sh2,400. Ukiondoa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5, zinakufikia 2,280. Kama ulinunua kwa bei ya toleo la kwanza, Sh5, ulitoa 10,000, basi hujafanya vibaya. Zile senti 54 za kila hisa zimebaki ndani ya kampuni, maana minara haijengwi kwa maombi. Na mambo ya Ethiopia hayakusaidiwa na birr, fedha ya kule, iliyoachiwa ielee Julai 2024 na kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kabla ya Desemba kwisha.

Airtel Africa, mwaka ulioishia Machi 2024: nimesoma mapato yamepanda asilimia 20.9, nikasoma tena yameshuka asilimia 5.3. Nishike lipi? (Msomaji, Mwanza)

Shika yote mawili, ila ujue kila moja limehesabiwa kwa fedha gani. Kampuni hii imeorodheshwa London na Lagos, na hutoa hesabu zake kila robo mwaka kwa dola. Wateja wake hawanunui bando kwa dola. Soko lake kubwa ni Nigeria, na Juni 2023 naira iliachiwa ijitafutie bei. Mwaka ule wa fedha ulianza dola moja ikiwa naira 461, ukaisha ikiwa 1,303.

Mfikirie mwenye duka la Kariakoo aliyeuza kuliko mwaka jana, droo imejaa shilingi, kisha akaenda kununua dola za kulipia kontena. Akakuta amerudi nyuma. Asilimia 20.9 ndiyo mauzo ya dukani, yaani ukuaji unaohesabiwa kama vile bei ya dola haikusogea. Asilimia 5.3 ndiyo dola zilizopungua mkononi. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa na madeni ya dola pia, mwaka ulifungwa kwa hasara ya dola milioni 89. Ukiona kichwa cha habari kina asilimia nono bila kutaja fedha, shuka aya ya pili kabla hujampigia dalali.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha. Kampuni zinatangaza mapato yamepanda, kamisheni yangu imelala. Ipo wapi kwenye hizo hesabu? (Msomaji, Mbagala)

Ipo upande wa gharama. Mteja akitoa pesa kwako, ada yote inaandikwa kuwa mapato ya kampuni, kisha fungu lako linakatwa chini yake kama gharama ya kuendesha huduma. Sasa angalia mteja huyo huyo asipokuja kibandani. Analipa mchele kwa lipa namba, muamala umepita, kampuni imepata chake, wewe umerukwa. Kwenye taarifa ya kampuni, hiyo huitwa habari njema, na kwa mwenye hisa ni njema kweli.

Ulitaja pia tozo ya 2021, ile ya miamala ya simu Tanzania. Ile haikuwa mapato ya kampuni, ilikwenda serikalini. Lakini ilipoanza Julai watu walirudi kubeba noti, miamala ikapungua, na kamisheni yako ikapungua nayo. Septemba ikashushwa kwa asilimia 30.

Kwa nini robo ya kwanza ya Apple inaishia Desemba? (Msomaji, Muscat)

Mwaka wao wa fedha hufungwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Oktoba hadi Desemba ndiyo robo ya kwanza, na ndiyo msimu wa Krismasi: ile iliyoishia Desemba 2024 iliingiza dola bilioni 124.3. Robo ya Aprili hadi Juni 2025 ilikuwa kama bilioni 94. Anayesema mauzo "yameporomoka" kati ya hizo mbili amelinganisha sikukuu na siku ya kazi. Linganisha Desemba na Desemba. Idadi ya simu zilizouzwa usiitafute, waliacha kuitoa mwishoni mwa 2018.

Laini zote hizi zinazotangazwa, wenyewe ni nani? (Msomaji, Tanga)

Ni laini, si vichwa vya watu. Shangazi yangu ana tatu kwenye pindo la khanga, kila moja kwa mtandao wake, naye anahesabiwa mara tatu. Airtel Africa humhesabu aliyetumia huduma yoyote ndani ya siku 30. Mimi hutazama mapato kwa kila mteja kwa mwezi. Laini zikiongezeka huku hayo yakishuka, wameuza kadi tu.

Nauza simu. Nikisikia kiwanda kimepata robo mbaya, nisimamishe oda? (Msomaji, Zanzibar)

Uliza ubaya wake ni wa namna gani. Julai hadi Septemba 2016, Galaxy Note 7 zilipokuwa zikiwaka moto, faida ya kitengo cha simu cha Samsung ilishuka kwa asilimia 96. Robo iliyofuata ilirudi kwenye trilioni 2.5 za won, fedha ya Korea Kusini. Palikuwa na simu moja yenye kasoro. Nyingine zote ziliendelea kuuzika. LG haikuwa na moto wowote. Kitengo chake cha simu kilipata hasara robo 23 mfululizo, kama dola bilioni 4.5 kwa jumla, na Aprili 2021 ikatangaza inaacha kutengeneza simu.

Kwa hiyo soma robo nne au tano kwa mfuatano kabla hujafuta oda. Na kama vioo na betri za chapa hiyo vimeanza kuadimika kwa mafundi wako wa Darajani, hilo nalo lipime pamoja na hizo robo.