Bawa la ndege ya rimoti lisijisokote: tatizo linaanzia mezani

Ndege yangu ya pili ya balsa, ile mbao nyepesi sana, mabawa mita 1 na sentimita 20 ncha kwa ncha, ilikuwa inavuta kushoto. Nikaongeza trimu kwenye rimoti, yaani kile kirekebisho kidogo cha usukani, ikakaa sawa, nikaridhika, nikairusha hivyo hivyo kama wiki mbili. Siku moja naileta kutua, nimeshapunguza mwendo, nakata kona ya mwisho, bawa la KULIA likadondoka ghafla, ndege ikajipindua na pua ikaingia kwenye majani. Mabawa nilikuwa nimeyafunga kwa raba bendi kwa hiyo yalichomoka yakabaki mazima, hilo ndo lilinisaidia kuelewa nilichokosea.

Nilisumbuka sana kichwani, maana inavutaje kushoto halafu inaangukia kulia? Nikambebea bawa mzee mmoja fundi seremala Keko, ambaye ndege za rimoti hazijui kabisa ila mbao anazijua. Akachukua vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja akakilaza juu ya bawa pale katikati linapokaa kwenye bodi ya ndege, kingine ncha ya kulia, akachuchumaa, akafumba jicho moja akachungulia. Vile vijiti vilikuwa havilingani. Akaniambia, "Mwanangu, hii imejisokota. Ni kama mlango ulioungwa kwenye sakafu mbovu."

Tukapima, ncha ya kulia ukingo wake wa mbele ulikuwa umeinuka milimita 7 kuliko ulivyo katikati. Bawa langu lina upana wa sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo milimita 7 ni kama digrii 2 hivi, na digrii 2 kwa ndege ndogo ni nyingi mno jamani. Bawa la kulia lilikuwa linanyanyua zaidi, ndo maana ndege ikawa inalalia kushoto. Trimu yangu ikainua aileroni ya kulia, kile kibao kinachocheza ukingo wa nyuma wa bawa, na kushusha ya kushoto, sawa, kwenye mwendo wa kawaida ikatulia, lakini ile ncha bado ilikuwa inaikabili hewa kwa pembe kali kuliko mwenzake, na ukipunguza mwendo ndo inakuwa ya kwanza kuishiwa, hewa inaachana nayo na bawa linaporomoka. Kwa hiyo kama ndege yako inataka trimu nyingi ili iende sawa, usiifurahie trimu, shuka ukapime bawa.

Sasa kwa nini lilijisokota? Nililijengea kwenye meza ya kulia chakula. Kwa macho ilikuwa imenyooka kabisa. Yule mzee akanifundisha kupima kwa uzi: weka vipande vinne vya mbao vyenye unene sawa kwenye kona nne za meza, vuta uzi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, na mwingine kwa mshazari wa pili, pale katikati zinapokatana zinatakiwa ziguse tu, zibusiane. Zikiachana, meza imejisokota. Zikibanana, badilisha, ule wa juu uwe chini halafu angalia tena. Meza yangu nyuzi ziliachana, unapitisha kidole. Nilikuwa najenga bawa juu ya kitu kilichosokotwa halafu nashangaa bawa.

Siku hizi natumia mlango wa flashi wa zamani, umelala juu ya stendi mbili, nimeuchomekea vipande vya kadibodi chini mpaka nyuzi zikagusana, juu yake kipande cha jipsamu bodi. Jipsamu inakubali pini vizuri sana na ni bei rahisi, ikichakaa unabadilisha. Wengine wanapenda kioo kinene, ni kweli kimenyooka kuliko kitu chochote utakachopata mtaani, ila pini haziingii, itabidi ukandamize kila kitu kwa vimfuko vya mchanga.

Mbao nazo. Balsa nyingi inatoka Ecuador, inasafiri mpaka inafika hapa Dar ambako hewa yenyewe ni maji, hasa masika. Usiitoe kwenye plastiki ukaanza kukata siku hiyo hiyo, iache siku kadhaa kwenye chumba utakachojengea izoee. Zile fito ndefu zinazobeba bawa, spari, mimi naziviringisha juu ya kioo moja moja, inayorukaruka naiweka pembeni nitakata mbavu fupi, vile vibao vinavyolipa bawa umbo, au vipande vya kujazia. Na spari ya kulia na ya kushoto zitoke kwenye ubao mmoja ikiwezekana ili ugumu wake ulingane.

Gundi nyeupe ya mbao ina maji, ukiipaka upande mmoja wa ubao mwembamba utauona unajikunja mbele ya macho yako kama jani linalokauka. Siikatai, naipenda kwenye maungio ya spari, lakini naipaka kidogo na bawa halitoki kwenye pini mpaka masaa 24 yapite, masika nalala nalo siku mbili. Mbavu nabandika kwa supaglu nzito.

Jambo lenyewe hasa ndo hili. Chukua boksi la viatu bila mfuniko, lishike ncha mbili ulisokote, linakubali kirahisi. Weka mfuniko, ubandike gundi pande zote, sokota tena. Halikubali. Wilbur Wright inasemekana mwaka 1899 alikuwa dukani kwao Dayton ameshika boksi refu la tyubu ya baiskeli, akawa analisokota, hapo ndo akaona namna ya kuongoza ndege kwa kupinda mabawa makusudi, na ndege yao ya 1903 iliruka hivyo. Yeye alitaka bawa linalosokoteka. Mimi na wewe hatulitaki, kwa hiyo boksi letu tunalifunga. Ubao mwembamba wa chini mbele, wa juu mbele, na vibao vya kusimama kati ya spari ya juu na ya chini, nyuzi za mbao zikiwa zimesimama wima, hilo ndo boksi la bawa. Na boksi likishafungwa linabaki na umbo lililokuwa nalo dakika ile ya kufungwa. Lilikuwa limenyooka, litanyooka miaka. Lilikuwa limejisokota hata kidogo, umeshalifungia humo.

Ndo kosa la watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao: unajenga kiunzi mezani, unaona kimeshikana, unakinyanyua ili ubandike ubao wa juu ukiwa umekishika mkononi maana ni rahisi zaidi. USIKINYANYUE. Ubao wa chini uupige pini kwenye meza kwanza, spari juu yake, mbavu, vibao vya kusimama, halafu ubao wa juu, vyote bawa likiwa bado limelala palepale. Bawa lenye tumbo bapa hili ni rahisi. Kama tumbo lake ni la mviringo, kata mbavu zikiwa na vijimiguu chini vya urefu mmoja, zisimame juu ya hivyo, utavikata baadaye.

Ukitaka ncha ziinamishe pua kidogo makusudi ili zisiwe za kwanza kuishiwa, wenyewe wanaita woshauti, ni hapo hapo mezani kabla ya kufunga boksi: unachomeka kijiti chini ya ukingo wa nyuma kwenye ncha, milimita 7 kwa bawa kama langu. Kulia na kushoto sawasawa, vijiti vitoke kwenye fito moja.

Kwenye kuvalisha ile plastiki inayobana kwa joto, usimalize upande wa juu wote ndo ugeuze. Chini kidogo, juu kidogo, pasi inahama hama, kwa sababu inapobana inavuta, na ukingo wa nyuma ni mwembamba unafuata. Ukiona kameanza kujisokota, shika ncha uisokote kinyume kupita kidogo, mwenzako apitishe joto juu na chini, halafu usiachie mpaka ipoe mkononi. Inasaidia kwa makosa madogo tu. Kwa milimita 7 zangu haikusaidia, nilinyoosha jioni, kesho yake nikaliacha kwenye gari juani saa sita mchana, likarudi kama lilivyokuwa. Hilo bawa nikaliacha nikajenga jingine.

La sasa nalitundika ukutani chumbani, sio kwenye gari wala juu ya kabati la bati. Na vile vijiti viwili vya yule mzee natembea navyo kwenye boksi la vifaa, kabla ya kufunga raba bendi navilaza kimoja katikati kimoja ncha, nachungulia, halafu ncha ya pili.