Maswali ya Wasomaji: Chumvi, Jedwali la Elementi na Almasi

*Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu aliye kidato cha pili amenieleza kwamba chumvi tunayopikia imetokana na sodiamu, metali inayoweza kulipuka ikitiwa majini, na klorini, ambayo ni gesi ya sumu. Aliniuliza inakuwaje tunakula vitu hivyo kila siku bila kudhurika, nikakosa la kumjibu. — Mama wa mwanafunzi, Tabata*

Kazi ni njema, mama, na nakupongeza kwa kufuatilia masomo ya binti. Alichofundishwa ni kweli tupu. Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, nayo huhifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu ikigusana na maji hutoa gesi ya haidrojeni pamoja na joto kali. Klorini ni ile gesi ya kijani-njano iliyotumiwa kuulia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Hata hivyo, ndani ya chumvi hamna sodiamu wala klorini katika hali hizo, kwa kuwa atomu zake zimebadilika kabla hazijafika kwenye sufuria yako.

Atomu ina kiini chenye protoni, zenye chaji chanya, na, isipokuwa katika haidrojeni ya kawaida, neutroni pia, ambazo hazina chaji; nje ya kiini hicho zimo elektroni, zenye chaji hasi, zilizopangwa katika mizingo. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11: mbili katika mzingo wa kwanza, nane katika wa pili na moja, peke yake, katika wa tatu. Klorini ina elektroni 17, yaani mbili, nane na saba. Tabia ya kikemia ya elementi hutokana zaidi na elektroni za mzingo wa nje, maana hizo ndizo zinazokutana na atomu jirani. Elektroni ile moja ya nje ndiyo inayoifanya sodiamu iwe kali mbele ya maji. Ikishahamia kwenye klorini, kinachobaki ni chembe yenye protoni 11 na elektroni 10, yaani ayoni yenye chaji chanya, ambayo huingia majini kwa utulivu kabisa. Klorini nayo, ikishapata elektroni ya nane katika mzingo wake wa nje, huwa ayoni yenye chaji hasi na haina tena sababu ya kunyang'anya elektroni kutoka kwenye mapafu ya mtu.

Hapa ningependa binti awe mwangalifu, kwa sababu wanafunzi wengi hukariri kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni, wakaishia hapo. Haipendi. Kuing'oa elektroni hiyo kutoka kwenye atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi hugharimu nishati ya kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha idadi maalumu ya atomu), ilhali klorini inapoipokea hutoa kilojuli 349 tu, kwa hiyo uhamisho wenyewe, ukiutazama peke yake, ni hasara. Kinachofidia hasara hiyo ni mvutano wa chaji baada ya ayoni kukusanyika: kila ayoni ya sodiamu huzungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini huzungukwa na sita za sodiamu, mpangilio ambao hutoa kilojuli zipatazo 787 kwa moli. Mvutano huo ndio muungano wa kiayoni, nao una nguvu kiasi kwamba chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi, ilhali sodiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 98, kabla hata ya maji kuchemka.

Mnaweza kuuona mpangilio huo kwa macho. Chukueni punje kubwa ya chumvi ya mawe, ile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi kama ya Kunduchi, mkaiangalie kwa kioo cha kukuzia penye mwanga wa kutosha. Mtaona nyuso bapa zinazokutana kwa pembe mraba, na punje hiyo ikigongwa taratibu kwa ncha ya kisu hupasuka kwa kufuata nyuso hizo hizo, kwa sababu ndivyo ayoni zilivyopangwa safu kwa safu ndani yake.

*Shikamoo Mwalimu. Katika jedwali la elementi, agoni ni ya 18 na potasiamu ni ya 19, lakini uzito wa atomu wa agoni ni 39.95 na wa potasiamu ni 39.10. Je, jedwali limekosewa? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Halijakosewa, na nimefurahi sana kwamba umelisoma jedwali badala ya kulikariri tu.

Dmitri Mendeleev, mkemia wa Urusi, alipotoa jedwali lake mwaka 1869 alizipanga elementi kwa uzito wa atomu, lakini pale uzito ulipopingana na tabia alifuata tabia. Iodini ni nyepesi kuliko teluri, hata hivyo aliiweka baada yake, kwa kuwa mwenendo wake ni wa jamii ya klorini na bromini. Aliacha pia nafasi tupu kwa elementi ambazo hazijaonekana. Kwa ile ya chini ya alumini alitabiri uzito wa karibu 68, na galiamu ilipogunduliwa Ufaransa mwaka 1875, uzito wake ulikuja kujulikana kuwa 69.7. (Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, kwa hiyo mchana wa Februari hapa Dar es Salaam ingetiririka mezani.)

Sababu yenyewe ilipatikana baadaye. Mwaka 1913 Henry Moseley, aliyekuwa akifanya utafiti Manchester, Uingereza, alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde) hupanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata. Kinachoongezeka kwa hatua hizo ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni, na hiyo ndiyo namba ya elementi katika jedwali. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915 akiwa na umri wa miaka 27, na kila ninapofundisha sehemu hii huona uchungu.

Sasa turudi kwenye swali lako. Sehemu kubwa ya agoni ina protoni 18 na neutroni 22, na sehemu kubwa ya potasiamu ina protoni 19 na neutroni 20. Neutroni huongeza uzito bila kubadili chaji ya kiini. Ukizibadilishana nafasi, utaiweka potasiamu, metali kali yenye elektroni moja ya nje kama sodiamu, katikati ya gesi adimu, jamii ya agoni, ambazo ni nadra kuungana na elementi nyingine.

*Mwalimu, mimi ni sonara hapa Kariakoo. Nimesikia kwamba almasi ya Mwadui na madini ya kinywe ya Mahenge ni kitu kimoja. Ni kweli?*

Ni elementi moja, ndugu yangu: kaboni, yenye elektroni nne katika mzingo wa nje. Atomu zake haziachiani elektroni kama katika chumvi, bali huzitumia kwa ushirika. Katika almasi kila atomu imeungana na nyingine nne pande zote, ndiyo maana jiwe ni gumu hivyo. Katika kinywe kila moja imeungana na tatu tu, katika matabaka yanayoshikana kwa nguvu hafifu, hivyo matabaka huteleza na kubaki kwenye karatasi uandikapo kwa penseli. Elektroni ya nne huwa na uhuru wa kusogea, na kwa hiyo kinywe hupitisha umeme, jambo ambalo almasi safi hailifanyi.

Kwa kazi yako, kumbuka kwamba almasi, kwa kuwa ni kaboni, huungana na oksijeni ikipata joto la kutosha. Ikipashwa hewani kupita nyuzi 700 hivi inaweza kuungua kwenye uso wake wa nje na kupoteza mng'ao, kwa hiyo unapolehemu pete, litoe jiwe kwanza, au ulipake asidi ya boriki kabla ya kuwasha moto.