Jibu: Watoto wanaogopa kusoma kwa sauti

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje na watoto wa darasa la pili wanaojua silabi lakini ukiwasimamisha wasome wanainamisha vichwa. Kwanza acha kuwasimamisha mbele ya wenzao sabini, hata mtu mzima angetetemeka. Mimi huokota vizibo vya soda, naandika silabi kwa maka peni: ba, ka, ma, ta. Wanakaa wawili wawili, wanaunga: kata, bata, mama. Binti mmoja aliyekuwa hafungui mdomo alipanga vizibo vitatu, akaduwaa, kisha akapiga kelele "Kamata!" huku amemshika mwenzake mkono. Siku hizi anaomba kusoma mwenyewe. Mtoto akikwama usimdakie neno, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mara nyingi hujisahihisha.