Shangazi, chuo nataka kuacha: mzee nimwanzeje?

Kila mwaka vyuo vikishafunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, naletewa swali hili hili likiwa limevaa nguo tofauti. Nimechagua saba. Majina nimeyaondoa na mikoa miwili mitatu nimeibadilisha, maana kuna miji ambayo ukitaja chuo na kazi ya baba tu, mtaa mzima umeshamjua mtoto.

"Shikamoo shangazi. Niko Dodoma, mwaka wa pili, uhasibu. Likizo nilikaa Kariakoo kwa fundi simu, kazi nikaijua, sasa ananiita moja kwa moja kwa 15,000 kwa siku. Darasani roho haipo. Baba ni mwalimu mstaafu, yuko Singida, na ada ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye kiinua mgongo chake. Nimpigie simu au nimtume mjomba?"

Marahaba mwanangu. Simu hapana. Mwalimu akipokea habari ya namna hii kwenye simu atakata, akishakata atampigia mama yako, mama atalia, na kuanzia hapo hamzungumzii tena kazi, mnazungumzia machozi ya mama. Panda basi. Ukitoka Dodoma asubuhi, mchana uko nyumbani.

Mjomba mtume, ila mpe mipaka. Yeye aende kufungua mlango tu: "Shemeji, kijana ana neno, Jumamosi anakuja, naomba umsikilize." Basi. Akilimwaga lote yeye, baba yako atabaki anajiuliza kwa nini mwanawe amemwogopa kiasi cha kumtuma mtu mzima, na hilo litamuuma kuliko hicho chuo.

Ukifika usimwanzie mlangoni. Salimia, oga, kula. Ngoja chakula cha usiku kiondolewe na taarifa ya habari iishe. Kisha anza na kiinua mgongo, kabla yeye hajakitaja. Mwambie unajua kilipotoka na kilipokwenda. Mzee akiona umelibeba mwenyewe lile jambo alilokuwa amejiandaa kukubebesha, hasira yake inakosa pa kushika.

Halafu toa karatasi, maana mwalimu ataomba hesabu. Siku 26 kwa 15,000 ni 390,000. Chumba Mbagala tuseme 50,000. Kula 5,000 kwa siku, mwezi mzima 150,000. Nauli 2,000 kwa siku za kazi, 52,000. Unabaki na 138,000. Hapo hujaugua, hujamtumia mama kitu, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hesabu hii si mbaya, wako wenye digrii wanaoitamani. Lakini baba aione ikitoka mkononi mwako, isiwe yeye ndiye anayeichimba.

Na huyo fundi muulize mapema: ataniandikia? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara kati yenu wawili. Mwenye fremu moja Kariakoo huenda akacheka. Akicheka, ujue kwamba unakwenda kuwa kibarua, na kwa baba ulitumie neno hilo hilo. Usiseme "ajira".

La mwisho kwako: kabla ya kupanda basi pita ofisi ya udahili uulize utaratibu wa kuahirisha masomo. Kuahirisha ni barua yenye muhuri, na jina lako linabaki. Ukipotea tu bila kuaga, unahesabiwa umeacha au unapigwa disko, yaani unafutwa chuo. Mbele ya mzee, "nimeahirisha mwaka mmoja, barua hii hapa" ni mazungumzo mengine kabisa.

"Shangazi mimi nimeshaharibu. Nilidisko mwaka jana mwezi wa tisa, sikusema. Mama anauza dagaa Mwanza. Tangu hapo amenitumia ada ya semista mbili kwenye simu, jumla 1,200,000, na najua nyingine alikopa vicoba. Nilifungua mtumba Mbagala, biashara inakwenda. Kila Jumapili ananiuliza mitihani vipi. Nianzie wapi?"

Hukusalimia, na naelewa kwa nini.

Kwanza ada ya semista ijayo isitoke mfukoni kwake. Kama amekwambia anaituma wiki ijayo, basi wewe una siku sita. Ulichofanya mpaka sasa kina jina lake na mama atalitaja, mwache alitaje. Ila kila shilingi unayopokea kuanzia leo, ukishasoma jibu hili, ni kosa jingine.

Pili, tafuta pesa. Sizungumzii zote, uza robota moja kwa bei ya kutupa ukibidi. Ukienda Mwanza na maneno matupu umekwenda kuomba msamaha. Ukienda na 400,000 kwenye bahasha umekwenda kulipa deni, na mtu anayelipa huangaliwa kwa jicho jingine. Mkopo wa vicoba unajua ulivyo: kila wiki wanakaa, kila wiki sanduku linafunguliwa mbele ya wenzake, na asiyeleta rejesho anasimama. Mama yako amekuwa akisimama kwa ajili ya chuo ambacho hukuwepo. Muulize amebakiza kiasi gani, uandike, umwambie utakuwa unatuma rejesho siku gani. Tuma kabla ya siku hiyo.

Tatu, namna ya kusema. Hapa mjomba hahitajiki, wala shangazi, wala mchungaji. Na usizunguke. Wengi wenu mnaanza na "mama, maisha ya chuo ni magumu", mnaingia kwenye walimu wenye chuki, mnapita kwenye mitihani, na mama anakwenda na wewe akidhani unaomba hela ya kukeri somo, yaani kulirudia ulilofeli. Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mama, chuo sipo tangu mwezi wa tisa mwaka jana." Kisha nyamaza. Nyamaza kweli. Ukimya utakaofuata utauona mrefu, nawe utataka kuujaza na mambo ya mtumba unavyolipa. Usiujaze.

Mdogo wangu alifanya kama wewe, miaka mingi imepita. Mama yetu alikuja kujua wiki tatu kabla ya mahafali, baada ya mtoto wa jirani aliyesoma chuo kile kile kuulizwa mgeni rasmi ni nani. Kumbe mama alikuwa ameshanunua kitenge na kukipeleka kwa fundi. Gauni lilikuja likiwa tayari, limepigwa pasi, na lebo ya karatasi yenye jina lake imebanwa kwa pini. Akalitundika nyuma ya mlango wa chumbani. Hakumpiga mtu wala hakupaza sauti. Likakaa pale zaidi ya mwaka hadi alipolivaa kwenye harusi ya watu wengine. Mdogo wangu leo ana maduka mawili na kwa mama ndiye anayepeleka matumizi, lakini mpaka kesho hawezi kuingia chumba kile bila kuutazama ule mlango.

Atakuuliza nani mwingine anajua. Sema ukweli, hata kama ni mtaa mzima.

Wazazi mnaopita hapa nanyi: ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya malipo, hii tunayoiita kontrolo namba. Mtoto akisema "tuma kwenye simu nitalipa mwenyewe", mwambie akutumie namba ulipe wewe, hata kwa simu hiyo hiyo. Si kumkosea imani. Unamwondolea kishawishi.

"Nikiacha chuo, mkopo wa bodi unakufa? Rafiki yangu anasema kama hukuhitimu hudaiwi."

Rafiki yako anakutania. Ulichokwisha kuchukua ni deni, uwe na joho au usiwe nalo. Siku ukiajiriwa rasmi, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Nafuu iliyopo ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama la kaka zenu. Na kama umeacha darasa, usirudi kusaini boom, ile hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Ile 10,000 kwa siku ni tamu, lakini nayo inaandikwa kwenye deni lako, na kusaini kama mwanafunzi wakati si mwanafunzi kutakuletea mambo makubwa kuliko deni lenyewe. Mzazi mwambie na kiasi cha deni. Wazazi wengi wanadhani boom ni zawadi ya serikali.

"Niko mwaka wa pili diploma ya famasi, nilianza baada ya kidato cha nne. Nimepata kazi duka la dawa. Niache sasa?"

Umebakiza nini mwaka wa pili uishe? Diploma yenu imejengwa kwa ngazi za elimu ya ufundi, zinazoitwa NTA: mwaka wa kwanza NTA 4, wa pili NTA 5, wa tatu NTA 6. Ukimaliza wa pili na kufaulu, unatoka na cheti kinachotambulika hata kama wa tatu huufikii. Ukiacha katikati ya mwaka, unaanguka hadi ngazi ya chini yake. Ni miezi michache, mwombe mwenye duka akupe jioni na Jumamosi. Kwa baba, hii ni habari nyepesi kuliko unavyodhani: "naishia ngazi ya tano, naanza kazi, mwaka wa tatu nitaurudia" ni sentensi ambayo mzee anaweza kuirudia msikitini bila kuinamisha kichwa.

"Shangazi, si naweza tu kuandika barua, niiache mezani, niondoke alfajiri?"

Huko ni kutoroka, na waliotoroka wanatafutwa polisi. Hapana.

"Naitwa mwana wa Tanga. Nasoma ualimu, nataka kuacha nikafanye kazi za ndani Muscat, binamu yangu ameshajenga. Mama hataki hata kusikia. Nitamshawishije?"

Usianze na nyumba ya binamu. Mama yako ameiona hiyo nyumba, na amesikia pia ya wale ambao hawakujenga. Woga wake una msingi: chini ya kafala, utaratibu wao wa kudhaminiwa na mwajiri, ruhusa yako ya kukaa kule imefungwa kwa mwajiri mmoja, na ukigombana naye umegombana na paa unalolala chini yake. Mpelekee majibu. Wakala ana usajili? Mkataba umeusoma kwa lugha unayoijua, na umetaja mshahara, siku ya mapumziko na nani anakaa na pasipoti? Umepita TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira? Mtu akikwambia uende kwa viza ya matembezi "utabadilishiwa huko huko", hapo niko upande wa mama. Maswali hayo ukikosa majibu mawili tu, maliza ualimu kwanza. Muscat haihami.

"Mimi ni mzazi, Morogoro. Kijana wangu aliniambia anaacha uhandisi aende gereji. Nikamwambia ukiacha, kwangu usikanyage. Leo siku ya kumi na mbili hajakanyaga. Mama yake hali chakula. Nasikia yupo gereji ya njia ya Msamvu. Nifanyeje bila kuonekana nimeshindwa?"

Kaka yangu, umeshaonekana na mama yake, na huyo ndiye unayelala naye nyumba moja. Wengine hawahesabu.

Nakusikia lakini. Umejinyima, ukawaambia watu kazini kwamba una injinia, na sasa injinia yuko chini ya gari la mtu akiwa amelala juu ya boksi. Na yeye ana haki yake: alikuja akakwambia usoni. Soma barua ya huyo wa Mwanza hapo juu uone wako alivyokuheshimu. Wewe ukamjibu kwa neno ambalo sasa linawazuia nyote wawili, yeye kurudi na wewe kumwita.

Usimtume mtu. Nenda mwenyewe, saa ya kazi, uvae kawaida. Usiende na gari la kutengeneza kama kisingizio, ataelewa. Ukifika simama mahali atakapokuona, na umwache amalize boliti anayoifunga. Atafuta mikono kwenye tambara muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwangalie mwenye gereji anavyoongea naye, hapo utajua kama amepata mwalimu au amepata bwana. Mazungumzo ya chuo siku hiyo usiyaguse. Mwezi ujao, mkishazoeana, unaweza kumtajia kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia gereji anapimwa na kupewa cheti, na kwamba barua ya kuahirisha uhandisi bado inaandikika kama hajachelewa. Siku hiyo muulize amekula, na umwambie mama yake amepika.